Mpigie Mama Yako

Lawama zenu zimenifikia. Dada mmoja wa Isevya alinisimamisha sokoni, kapu la nyanya mkononi, akaniambia sina utu, kwamba nawezaje kumwacha binti wa watu ameikodolea macho simu wiki nzima. Dada, una haki. Tuingie chumbani upesi kabla hujanirushia nyanya.

Chumba ni kile kile cha ghorofani, juu ya duka la vipuri vya pikipiki, mjini Tabora. Minza, binti wa Puge, kakaa upande mmoja wa meza. Upande wa pili kakaa Nurdini Pazi, mkuu wa ajira wa Msafara Sistimu, kampuni inayotengeneza programu za kompyuta na kutengeneza maadui. Kando yake yuko Yasmini, karani wa usaili, anachapa kila neno. Pembeni kuna laptopu nyingine, imefunguliwa, kioo chake cheusi kinamtazama Minza.

Na Nurdini ndiyo kwanza amesema:

"Mpigie mama yako. Weka spika. Mwambie umeshindwa."

Minza alikuwa ameonywa kwenye korido, lakini bado hakuamini masikio yake.

"Kwenye tangazo la kazi hamkuandika kwamba na mama anasailiwa."

"Kuna mengi hatukuandika. Piga."

"Nisipopiga?"

"Mlango ule pale. Lakini jina lako nitalipeleka kwa kila kampuni ya kompyuta kuanzia hapa mpaka Dar. Nitawaambia binti huyu ni mjeuri na hajui kitu. Utaajiriwa na nani?"

Mimi nimeona watu wengi wakisailiwa katika maisha yangu. Nimeona wakiulizwa maswali ya kijinga na wakisubirishwa hadi miguu inavimba. Lakini mtu mzima kumlazimisha mtoto wa mwenzake ampigie mama simu ya msiba ambao haujatokea, huo ni ushetani, na siutafutii jina lingine.

Kwa aliyelikuta gazeti hili leo kwenye meza ya kinyozi, nimweleze haraka.

Huko Nzega, ng'ombe wakiibiwa, hupigwa mwano. Ndilo lile yowe linalopokewa na boma moja hadi jingine mpaka kijiji kizima kiko njiani na fimbo. Minza alilichukua yowe lile akalitia kwenye simu. Aliyeibiwa anatuma ujumbe mmoja, na simu zote kuanzia Lusu mpaka Puge, hata zile za kitochi, zinalia kwa pamoja na kueleza ng'ombe wameelekea wapi. Programu yenyewe akaiita Mwano. Haina matangazo wala malipo. Na mwenye nayo hajulikani, kwa sababu wezi wa ng'ombe si watu wa kucheza nao. Tangu Mwano uanze, lori zima la ng'ombe wa wizi lilizuiwa Puge. Dereva alikamatwa. Mwenye lori hajapatikana mpaka leo.

Siri ya Mwano ilikuwa na watu wawili tu duniani, Minza na mama yake Mektilda.

Sasa, asubuhi hiyo hiyo, baada ya kutukanwa vya kutosha, Minza alipewa jaribio: aandike programu ya kufikisha ujumbe kwa maelfu ya simu za kitochi kwa mpigo mmoja, pasipo intaneti. Alipolisoma, aliitambua kazi yake mwenyewe. Walikuwa wanaulizia Mwano. Akaandika upuuzi kwa makusudi, wa kumtia aibu hata mwanafunzi wa mwezi wa kwanza.

Basi hapo ndipo tulipoachana.

Minza akaitazama simu yake mezani. Akamkumbuka Viktori, kijana wa Ulyankulu aliyesailiwa kabla yake. Walipishana kwenye korido, Viktori amevua tai na kuikunja mfukoni, macho mekundu.

"Dada, humo ndani si intavyuu," alimnong'oneza. "Ni kama kituo cha polisi. Wameniita Mrundi, mimi niliyezaliwa hapa na cheti ninacho. Nikavumilia. Halafu wakanilazimisha nimpigie mama."

"Mama yako? Wa nini?"

"Nimwambie nimefeli. Maskini, mama Paskazia alilia, akaanza kunitetea. Akawahesabia kila kitu nilichowahi kutengeneza, redio za majirani, mashine ya kusaga, hadi kinanda cha kwaya. Yule jamaa akasikiliza kwa makini, hata neno hakudakia. Alipomaliza, akakata simu akaniambia nitoke."

Wakati ule Minza alimwonea huruma tu. Sasa akili ikamfunguka. Watu hawa hawakumtesa Viktori kwa kujifurahisha. Mtoto anaweza kuficha alichofanya, lakini mwambie mama mzazi kwamba mwanawe ni mbumbumbu, atakutolea sifa zake zote mpaka zile za chekechea. Hawakuwa wanatafuta mfanyakazi. Walikuwa wanamsaka mwenye Mwano!

Minza karibu acheke. Kwa mama wa watu wengine mtego ule ungefanya kazi. Lakini Mektilda? Mwanamke yule alikuwa na kifua cha chuma. Wakati wa lile lori, majirani walimzunguka na maswali, naye akawauliza kama wameuza alizeti.

"Sawa," alisema. "Napiga."

Akapiga. Akaweka spika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona sauti imenyongea?"

"Mama, nimeshindwa usaili."

Yasmini akaacha kuchapa. Nurdini akainama mbele kama mtu anayeota moto.

"Umekula?" akauliza Mektilda.

"Bado."

"Kula kwanza, halafu panda gari urudi. Mpunga unataka mikono huku."

Basi! Hakuna kilio wala utetezi. Nurdini akakunja uso, akaivuta simu upande wake.

"Shikamoo mama. Mimi ndiye niliyemsaili binti yako."

"Marahaba baba. Pole na kazi."

"Nakwambia ukweli, mama. Binti yako hana akili ya kompyuta. Miaka yote ya chuo alikuwa anakudanganya."

"Kama hana, baba, basi hana. Akili anagawa Mungu, si mimi."

"Kwani huko kijijini hajawahi kutengeneza chochote?"

"Aliwahi. Alinitengenezea redio yangu."

"Ikawaje?"

"Ikafa."

Yasmini akaziba mdomo kwa kiganja. Minza akashusha pumzi taratibu. Mama huyu! Laiti angekuwa karibu angemkumbatia. Siri ilikuwa salama, na kazi yenyewe, yarabi, abaki nayo shetani. Atarudi Puge kulima mpunga.

Na kweli yangeishia hapo. Lakini Nurdini alikuwa amekasirika. Tangu asubuhi mama wote wamemwaga machozi na sifa, huyu mmoja anamjibu kama anamwuzia karanga. Hasira ikamtoa maneno ambayo hayakuwa katika mpango:

"Ndiyo maana Wanyamwezi mlikuwa wapagazi! Kichwa chenu Mungu aliwapa cha kuwekea mizigo tu!"

"Hebu, baba," sauti ya Mektilda ikabadilika. "Wewe unayesema hivyo ni nani?"

"Nurdini Pazi."

"Pazi wa wapi?"

"Kisarawe."

Kilichofuata kilikuwa kicheko. Kicheko kikubwa, cha kutoka tumboni, mpaka spika ikakwaruza.

"Mzaramo! Kumbe ni Mzaramo! Ah, mtani wangu, na mimi nakuita baba na adabu zote! Mbona hukusema mapema, ng'ombe wewe?"

Minza akaitupia jicho simu iliyokuwa upande wa Nurdini.

Msomaji, kama wewe ni Mnyamwezi au Mzaramo sina haja ya kukueleza. Kama ni wa kwingine, sikiliza. Utani wa makabila haya mawili ulizaliwa njiani, enzi za misafara ya kutoka Tabora kwenda Pwani, na haujafa. Mnyamwezi akikutana na Mzaramo, heshima inawekwa kando. Wanatukanana, wananyang'anyana, hata msibani, na atakayekasirika ndiye mwenye kosa. Mwanamke yule yule aliyefunga mdomo mbele ya majirani alikuwa sasa mbele ya mtani wake, na mbele ya mtani mdomo haufungwi.

"Mama, naomba nikate," Minza akasema haraka. "Salio linaisha."

"Nyamaza wewe, nazungumza na mtumwa wangu! Mzaramo, unatucheka kwa kubeba mizigo? Sisi tulibeba mpaka Bagamoyo. Na nyie mlikuwa wapi? Mmekaa mwisho wa njia na ngoma zenu, mnatusubiri tufike mpate kula!"

Na hapo, ndugu zangu, nikaona jambo ambalo sikulitegemea. Nurdini Pazi, yule simba wa usaili, alicheka. Alicheka kwelikweli, meno yote nje, akaegemea kiti.

"Mlifika mkinuka jasho, tukawaogesha!" akajibu. "Mpaka leo mnatudai sabuni?"

"Sabuni mngeijulia wapi? Mzaramo akisikia ngoma ya mdundiko anaacha ubwabwa jikoni unaungua!"

"Na Mnyamwezi akiona gunia anainama mwenyewe, hata hajatumwa!"

"Njoo Puge, mwoga wewe! Njoo nikutie adabu! Ulizia nyumba ya Mektilda, nyuma ya mnada, bati jekundu, hata mbuzi watakuonyesha. Ukija nakutoza jogoo!"

"Mama!" Minza akainuka.

"Kaa chini," Nurdini akamwambia, lakini kwa sauti ya mtu aliye kwao, mezani kwa shangazi yake. Alikuwa amesahau usaili. Naapa, neno alilosema baada ya hapo hakulitega. Lilimtoka tu kama yale mengine.

"Nije Puge kufanya nini, mtani? Ng'ombe wenyewe mnaibiwa kila siku, mmebaki kupiga mayowe kama vifaranga!"

"Mayowe?" Mektilda akafoka kwa furaha. "Hilo yowe la mdomo ni la babu yako! Yowe la siku hizi linapigwa na huyo huyo unayesema hana akili! Anabonyeza mara moja, Lusu yote inalia, Puge yote inalia, na mwizi anakamatwa na lori lake! Mwano ni wa mwanangu, Mzaramo wee! Na wewe wa kwako kafanya nini? Kacheza mdun..."

Minza aliidaka simu akaikata.

Amechelewa.

Vidole vya Yasmini vilikuwa vimeganda juu ya vitufe. Nurdini alikuwa bado na nusu ya kicheko usoni, kisha ile nusu nayo ikaondoka. Akamtazama Minza. Akatazama meza. Kitu alichotafuta tangu asubuhi alikuwa amekipata, na mtu asiyejua angedhani amefiwa.

"Sikukusudia," akasema polepole. "Ile ilikuwa... ule ulikuwa utani tu."

"Asante, Nurdini. Kazi nzuri."

Sauti haikutoka kwa mtu yeyote chumbani. Ilitoka kwenye ile laptopu ya pembeni, yenye kioo cheusi. Sauti ya mwanamume, tulivu, ya mtu aliyezoea kusikilizwa.

"Nani huyo?" Minza akauliza.

"Mkurugenzi," Yasmini akanong'ona.

Katika ofisi ile hakuna aliyewahi kumwona mkurugenzi. Mishahara inaingia, amri zinaingia, sura haiingii.

"Binti Minza," sauti ikasema, "nimekutafuta sana. Umenigharimu. Lori langu bado limepaki kituoni linaota kutu, na dereva wangu yuko mahabusu."

Minza akashika ukingo wa meza. Mwenye lori! Mtu anayetafutwa wilaya nzima alikuwa na ofisi, bango, na tangazo la kazi gazetini.

"Lakini mimi sina kinyongo na mtu mwenye kipaji," sauti ikaendelea. "Hongera. Kazi umepata."

"Kazi gani?"

"Mwano uache uendelee. Watu waupende, wauamini. Ila siku nitakayokwambia, kwa kijiji nitakachokutajia, utaunyamazisha. Kwa muda mfupi tu. Wenye ng'ombe watapiga yowe, na hakuna simu itakayolia. Kiti anachokalia Nurdini kitakuwa chako kuanzia kesho."

Nurdini akageuka kuitazama laptopu. Miaka aliyomtumikia mtu yule, imelipwa kwa sentensi moja.

Nisiwafiche, Minza aliwaza. Alikuwa amezunguka na bahasha yake mjini hapa mpaka viatu vimeisha soli. Mwano haumlishi mtu. Kazi ya kompyuta, kiti chake mwenyewe, feni juu ya kichwa, vyote vilikuwa pale, anyooshe mkono tu. Lakini akamwona mzee wa Lusu ambaye siku hizi analala usingizi kwa sababu simu iko chini ya mto wake. Akaona aibu hata kwa kuwaza.

"Sitaki," akasema.

"Fikiri."

"Nimefikiri. Kama hiyo ndiyo kazi, mpe mbwa wako. Na nikitoka hapa nakwenda moja kwa moja polisi."

"Ukawaambie nini? Kwamba umeongea na laptopu?" Sauti haikupanda wala kushuka. "Leo ni siku ya mnada Puge, unajua. Vijana wangu wapo pale tangu asubuhi. Wakati mama yako anacheka, mimi nilikuwa naandika meseji. Nyuma ya mnada, bati jekundu. Nimekosea?"

Nurdini ndiye aliyesimama. Kiti kikaanguka nyuma yake.

"Mzee, hapana! Yale maneno yalisemwa kwenye utani. Ya utani yanabaki huko huko, hayamfuati mtu nyumbani!"

"Mimi si mtani wa mtu."

"Mimi ni mtani wake! Nimemtukana, kanitukana, kanikaribisha kwake! Ukimgusa yule mama ni kama mimi ndiye niliyemuuza!"

"Si ndicho ulichofanya?"

Wiki zote hizi nimemchukia Nurdini na ninyi mmemchukia, mmeniandikia nimgongeshe na treni. Lakini dakika ile nilimwona akizeeka mbele yangu, na sikufurahi nilivyodhani ningefurahi.

"Isitoshe," sauti ikasema, "desturi zenu nazifahamu. Mtani akifa, si nyie watani ndio mnaosimamia maziko? Basi Nurdini, usisafiri wikiendi hii."

Yasmini alipiga ukelele. Akainuka, akaikunja ile laptopu kwa nguvu mpaka bawaba ikalia, akaisukuma ikaanguka sakafuni. "Sikujua," alikuwa anasema na machozi yanamtoka, "wallahi dada, mimi nachapa tu, sikujua."

Minza hakumsikia. Alikuwa ameshapiga namba. Simu iko sikioni, anahesabu miito moyoni na kuomba. Nurdini akasogea akasimama karibu yake kama mtoto anayesubiri kuchapwa. Hakukuwa tena na msaili wala msailiwa mle ndani. Kulikuwa na watu watatu wanaisikiliza simu moja.

Iliita. Iliita. Iliita.

Ikapokelewa.

"Mama! Mama, toka nje! Toka sasa hivi, kimbilia mnadani kwenye watu!"

"Weee, mbona unanipigia kelele?" Mektilda alikuwa bado na kicheko kooni. "Nitatokaje, mwanangu, nina wageni?"

"Wageni gani?"

"Wa mtani wangu! Mwambie nimeyafuta matusi yote, Mzaramo kumbe ana adabu. Hata hatujamaliza kutukanana, vijana wake hawa hapa wamefika, wanasema kawatuma wanisalimie. Nimewapa viti na maji ya kunywa. Na wapole kweli. Mmoja kaona vumbi linaingia ndani, kanyanyuka mwenyewe kanifungia mlango."